Foram na Sauti Niliyompa

Zamani mtu wa Mbeya alitembea kwa sababu alikuwa na mahali pa kwenda, na leo anatembea kwa sababu simu imemwambia. Najua ninachosema, maana simu yenyewe ilisema kwa sauti yangu.

Nataka kuandika habari za Foram, binti wa Ashok wa duka la vitambaa pale Uhindini. Nilimjua tangu anatambaa, kwa kuwa cherehani yangu ilikaa kwenye baraza ya duka la baba yake miaka thelathini na mmoja. Ndivyo kazi ilivyokwenda siku hizo. Mteja anaingia ndani, anachagua kitambaa, Ashok anampimia kwa mita yake ya mbao, kisha mteja anatoka na kitambaa mkononi na kunikuta mlangoni, futi imening'inia shingoni. Mwenye duka hakushona, na mshonaji hakuuza. Sasa watu wananunua nguo zilizokwisha valiwa na wengine ng'ambo, baraza imejaa pikipiki, na cherehani yangu iko chini ya kitanda imefunikwa gunia.

Foram alikulia chini ya meza ya cherehani hiyo. Aliokota vipande vilivyoanguka, akavipanga kwa rangi sakafuni, na mtu akivikanyaga alivipanga upya bila kulalamika. Herufi alizijua kwangu kabla ya kupelekwa shule. Mimi mwenyewe nimefika darasa la nne tu. Yaliyobaki nilijifundisha kwa magazeti ya kufungia vitambaa na kwa kamusi isiyo na jalada, na mchana kazi ikipungua nilisoma gazeti kwa sauti pale barazani, wapagazi wa Sokomatola wakiegemea mikokoteni yao kunisikiliza. Nani leo atasimama kumsikiliza mtu anayesoma?

Mama yake, Rekha, alikaa nyuma ya kaunta toka asubuhi hadi jioni kwenye kiti chenye mto wa bluu. Sukari ilimwanzia kwenye kidole cha mguu. Madaktari wakamwambia atembee, naye akawauliza atembee wapi, toka kaunta mpaka jikoni? Kilikatwa kidole, ukakatwa mguu chini ya goti, na mwaka uliofuata tukamzika kwa desturi yao, kwa moto. Foram wakati huo alikuwa chuoni anasomea kompyuta. Alirudi, akapanda chumba cha juu ya duka, akakifuta kile kiti cha mto wa bluu, akakikalia, akaanza kutengeneza programu ya simu ya kuwafanya watu watembee kila siku.

Nilimwambia ni upuuzi. Mama yangu alishuka mtoni mara nne kwa siku na ndoo kichwani, wala hapakuwa na mtu wa kumhesabia.

"Ndiyo, Babu," alisema. "Lakini mama yangu mimi bomba lilikuwa ndani."

Nikashuka ngazi, nikarudi barazani.

Alifanya kazi kwa namna iliyonikumbusha ushonaji mzuri. Hakuanza na kompyuta. Alikaa barazani na daftari, akachora miraba midogo, kila mraba ni uso wa simu, akaandika ndani yake kitu gani mtu atakiona kwanza, na akikigusa nini kitafuata. Kisha akawapelekea akina mama wa soko, makarani, walimu, akawaomba waguse kwa kidole kwenye karatasi. Walipokosea hakuwasahihisha. Alifuta mraba.

Tatizo lake lilikuwa sauti. Alitaka simu imwite mtu, imwambie inuka. Kwanza aliweka sauti yake mwenyewe. Muuza ndizi mmoja akamwambia, "Anayeniamsha ni nani? Kabinti ka dukani? Mimi nimtii yeye?" Akaweka sauti ya kijana wa redioni. Wanawake wakacheka, mmoja akasema mume wake ataivunja hiyo simu.

Siku moja vijana wa bodaboda waliziba mlango wa duka, nami nikawaambia neno moja tu. "Ondoeni." Waliondoa. Mmoja alinung'unika kwamba mzee huyu ana koo kama kengele ya misheni, lakini alikuwa anasukuma pikipiki yake huku akinung'unika. Foram alikuwa amesimama mlangoni, kalamu sikioni.

"Babu, hebu sema tena."

Hivyo ndivyo nilivyoingia. Alinirekodi katika chumba cha juu, marobota ya vitambaa yakiwa yamepangwa kutuzunguka ili mwangwi usitokee. Niliambiwa niseme kama ninavyosema na watoto wangu. Nikasema: "Inuka. Jua limepanda nawe umekaa. Bado hujafika, mwanangu. Tembea." Akanipiga picha nikiwa na kofia yangu ya sufu, akaichora upya kwa kompyuta, nikawa uso wa programu. Simu ikiita, uso wangu unajaa kioo kizima, macho yanamtazama mtu.

Tuligombana mara tatu katika kazi ile, na mara zote tatu nilishinda mimi. Yeye alitaka simu iite mara tatu kisha inyamaze. Nikamwambia mzee hanyamazi mpaka asikilizwe, la sivyo si mzee. Akakubali iite kila nusu saa mpaka hatua za siku zitimie. Yeye alitaka hesabu ibaki hatua elfu sita daima. Nikamwambia mtu akimaliza kulima ngwe yake anaonyeshwa nyingine. Akakubali anayetimiza wiki nzima aongezewe mia tano. Yeye alitaka kitufe kikubwa kilichoandikwa "Nimechoka", mtu akikigusa aachwe apumzike. Hapo nilikasirika kweli. Nani aliwahi kumwambia baba yake nimechoka? Alinisikiliza, akafikiri, akakipunguza kitufe, akakisukuma chini hadi kikakaa juu ya picha yangu yenyewe, kidevuni.

Watu walikipenda kitu kile. Kufikia Machi kilikuwa Mbeya, Njombe na Iringa, hata kwa wafugaji wa Usangu huko Ubaruku, ambao siku nyingine mtandao hawaupati. Kwa ajili yao Foram aliweka sauti ndani ya simu kabisa, iite hata pasipo mtandao. Nilisikia sauti yangu ikitoka mfukoni mwa mtu nisiyemjua pale Mwanjelwa, na yule mtu akasimama. Sikatai kwamba nilijisikia vizuri. Miaka mingi hakuna aliyenisikiliza.

Mwanangu Sosthenes ni mwalimu wa sekondari Iringa. Aliiweka programu ile kwenye simu yake mwishoni mwa Januari, akaiweka na kwenye simu ya mkewe, Ikupa.

Huyu Ikupa lazima nimweleze, maana nilimkosea moyoni kabla sijamkosea kwa sauti. Ni Mnyakyusa mwenzetu, amelelewa na bibi yake huko Rungwe, lakini nilimwona kama msichana wa mjini: anavaa suruali, anaendesha pikipiki, anafundisha chekechea. Tangu siku ya harusi hajawahi kunitazama. Nikifika kwao anaingia jikoni. Chakula analeta Sosthenes. Nikimsalimu kutoka sebuleni, sisikii kitu. Miaka sita. Nikamwambia mwanangu mke wako ana kiburi cha cheti, naye Sosthenes akainama, akasema, "Hapana baba, ndivyo alivyo." Nikaacha kwenda. Mimba yake ya kwanza ilipotoka sikwenda, nilituma salamu.

Mwezi Juni asubuhi moja ya baridi Foram alishuka na kompyuta yake hadi barazani, ambako nilikuwa nimekaa kuota jua kwa mazoea tu.

"Babu, njoo uone mwanafunzi wako bora. Yuko Iringa. Hajakosa hata siku moja toka Januari. Amepandishwa mpaka hatua elfu kumi na tano, na anazimaliza."

Nikasoma jina. Ikupa S. Nikacheka. Nilimwambia Foram kwamba huyo ni mke wa mwanangu, yule mwenye kiburi, na kwamba hatimaye amepata wa kumnyoosha. Foram hakucheka. Aliuliza kama mtu huyo ni mgonjwa au mzima, kwa sababu hatua elfu kumi na tano si mchezo, na wengine wote walikwisha gusa "Nimechoka" walau mara kumi. Yeye hajakigusa hata mara moja. Nikasema, mzima kabisa. Sikujua kwamba alikuwa na mimba ya miezi minane. Sosthenes alikuwa akisubiri mtoto azaliwe salama ndipo aniambie, kwa sababu ya ile ya kwanza.

Alhamisi ya wiki iliyofuata, saa tatu asubuhi, alipiga simu.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba. Kuna nini?"

"Ikupa hapokei simu. Ana mimba, baba, sikukwambia. Jumatatu daktari alikuta presha imepanda sana na miguu imevimba. Akasema alale tu, asifanye lolote mpaka ajifungue, vinginevyo atapata kifafa cha mimba, wafe wote wawili. Mimi niko Ruaha Mbuyuni na wanafunzi wa michezo. Jana jirani yetu Roza kanipigia, kamkuta anapandisha ule mlima wa Ipogolo kwa miguu."

"Alikuwa anakwenda wapi?"

"Usikasirike, baba. Nilimuuliza kabla sijaondoka, mbona hulali. Akaniambia atalalaje na mzee anamwita. Nikadhani ni mzaha."

"Mzee gani?"

"Wewe."

Nilikaa chini kwenye ngazi ya duka.

Kwetu, mke wa mwanao hakutazami usoni. Akikukuta njiani anaiacha njia, anajifunika, anainama mpaka upite. Jina lako halitamki mdomoni mwake, na sauti yako haijibu. Wewe nawe humsemeshi. Ukiwa na neno, unamwambia mwanao alifikishe. Tuliita ukutila. Mama yangu alimkwepa babu yangu hivyo mpaka siku alipozikwa, na hata kaburini alisimama nyuma ya migomba. Nimelia mengi kwamba desturi hiyo imekufa, kwamba siku hizi wakwe wanakaa meza moja na baba mkwe wakishindana kuchekesha. Kumbe ilikuwa imekaa jikoni kwa mwanangu miaka sita, imevaa suruali, nami nikaiita kiburi.

Sasa fikiri. Mwanamke huyo amelala kitandani, na kila nusu saa baba mkwe anasimama chumbani kwake, uso wazi, anamtazama machoni na kumwambia inuka. Hawezi kumjibu. Hawezi kutazama kioo ili aguse kitufe, na hata akitazama, kitufe kiko kidevuni kwangu. Mkono wake utapitaje hapo? Hawezi kumwambia mumewe amnyamazishe baba yake. Afanye nini? Ajifunike, atoke, atembee.

Nilimwambia Sosthenes aanze safari ya kurudi saa hiyo hiyo, kisha nikapanda ngazi kwa Foram. Sikumbuki nilimwelezaje. Nakumbuka aliacha kikombe cha chai hewani.

"Leo ametembea ngapi?" nilimuuliza.

Akatazama. "Elfu nne na mia mbili. Na ni asubuhi hii."

"Basi mzime."

"Babu, sauti iko ndani ya simu yake. Nikifunga huku, itaendelea kuita kule."

"Na kile kitufe?"

Hakusema kwamba nilimlazimisha. Angesema ningepumua.

Tulimpigia Ikupa mara saba. Iliita bila kupokelewa. Baadaye nilijua kwamba alikuwa ameifunga simu ndani ya khanga, akaifunga khanga kiunoni, apate kutembea nami bila kuniona. Roza alikuwa sokoni na simu yake haikupatikana. Sosthenes alikuwa anatafuta mwalimu wa kumwachia wanafunzi. Foram alichukua ufunguo wa gari la baba yake.

Njia yote ile aliendesha yeye, na mimi nilishika simu yake mkononi, mahali namba ilipokuwa. Sijawahi kukaa na kitu kama hicho. Uyole ilikuwa elfu tano na mia nane. Igurusi, elfu saba. Namba haikupanda polepole, iliruka: inatulia, halafu ghafla imeongezeka mia mbili, na mia mbili hizo ni miguu iliyovimba ikipandisha mlima kilomita mia mbili na zaidi kutoka nilipo. Nilitaka kuitikisa simu isimame. Foram aliuliza kila baada ya muda, "Ngapi?" nami nikawa naogopa kumjibu.

"Fikiri, mwanangu," nilimwambia. "Wewe ndiye uliyeisuka. Ifumue."

"Nafikiri, Babu. Nyamaza nifikiri."

Karibu na Chimala akasema kuna njia moja. Simu ya Ikupa, kila inapotuma hesabu ya hatua, inauliza pia kama kuna sauti mpya. Tukiweka sauti mpya mahali pa ile ya zamani, nusu saa ijayo itasema hiyo mpya. Tatizo ni nini iseme. Nikamwambia inyamaze tu. Akatikisa kichwa. "Ikinyamaza atajuaje kama umemruhusu? Ataendelea. Lazima umwambie wewe."

Aliegesha nyuma ya mashine ya mpunga, lakini mlio wake ulitufukuza, na sokoni kelele zilikuwa zaidi. Mwishowe tuliingia kwenye njia ya shambani, tukapandisha vioo vyote. Joto la bonde lile liliingia hata hivyo. Alifungua kompyuta mapajani, akaninyooshea simu mbele ya mdomo.

Mara ya kwanza sauti ilinikatika. Mara ya pili nilisikika kama ninayefokea. Foram alisema kwa upole, "Usimtetemekee, Babu, atafikiri kuna msiba." Namba ilikuwa elfu nane na mia tisa. Zaidi ya salamu za sebuleni sikuwahi kumwambia mke wa mwanangu neno lolote, na sasa nilitakiwa kumwambia jambo ambalo uhai wa watu wawili uko juu yake, ndani ya gari lililofungwa, kwa maneno machache. Nikafumba macho. Nikasema kama baba yangu alivyosema akiwapokea watu waliotoka mbali na mizigo: "Ndaga, mwanangu. Asante. Umekwisha fika. Kaa chini."

Foram alibonyeza. Mstari mdogo ukajaa kwenye kioo, taratibu, ukakwama, ukajaa tena.

"Imekwenda," alisema.

Tulirudi barabarani. Elfu tisa na mia moja. Elfu tisa na mia tano. Igawa tulipita bila kusema. Muda mfupi kabla ya saa sita namba ilifika elfu tisa mia nane na sitini.

Ikasimama.

Nilisubiri iruke. Haikuruka. Foram akauliza ngapi, nikamwambia. Baada ya kilomita kumi akauliza tena, nikamwambia ile ile.

"Amesikia," alisema. "Amekaa."

Nikasema ndiyo. Alizidi kukanyaga mafuta, nikajua kwamba anawaza ninachowaza. Mtu aliyekaa na mtu aliyeanguka, kwa mashine ile, ni kitu kimoja. Asubuhi nzima niliomba namba isimame. Sasa niliomba isogee hata kidogo, hatua tano, hatua za mtu anayeingia ndani kunywa maji. Makambako upepo ulikuwa unasukuma gari. Elfu tisa mia nane na sitini. Nilianza kuhesabu nguzo za umeme nje kwa sababu sikuweza tena kutazama kioo, kisha nikakitazama.

Saa nane Sosthenes akapiga simu. Alikuwa analia, sikumwelewa mpaka Foram alipoegesha na kuichukua. Roza alikuwa ametoka sokoni saa saba, akamkuta Ikupa amekaa ukingoni mwa barabara ya mlimani, kichwa kimefunikwa, anasema haoni vizuri na kichwa kinapasuka. Akasimamisha bajaji. Walipofika hospitali alishikwa na kifafa. Wanampasua sasa hivi.

Tulifika saa kumi. Nilikaa nje kwenye benchi la saruji, Foram akiingia na kutoka. Mtoto alitolewa hai, wa kike, kilo moja na gramu mia saba, akawekwa kwenye mashine ya joto. Mama hakuamka siku hiyo, wala kesho yake. Siku tatu nilikaa pale bila kumwambia mtu yeyote neno, hata salamu nilijibu kwa kichwa. Niliogopa mdomo wangu. Niliona kila nikiufungua kuna mtu mahali fulani atainuka.

Aliamka Jumapili. Foram aliruhusiwa kumwona siku iliyofuata, akatoka akaketi kando yangu.

"Babu, alikusikia."

"Alisema nini?"

"Alisema, nilisikia mzee amesema nimefika, nikae. Nikakaa."

Nikadhani ni habari njema. Lakini Foram alikuwa amezungumza na Roza pia. Pale alipokaa, ndipo sauti ilipomkuta: kwenye kona, ukingoni kabisa mwa lami, mahali malori yanaposhuka kutoka mjini. Hakusogea hata kwenda kivulini, ng'ambo ya mfereji tu. Saa nzima juani, malori yakipita karibu na magoti yake. Roza alipomwambia inuka mama, twende huku, alikataa, ikabidi yeye na dereva wa bajaji wamnyanyue. Alisema amewekwa hapo.

Sikusema nyumbani kwako. Sikusema kivulini. Nilisema kaa chini.

Foram aliing'oa programu ile akiwa kwenye benchi hilo hilo, siku hiyo hiyo, kwa watu wote, zaidi ya elfu mbili, kwa njia ile ile aliyopitishia sauti mpya. Nilimwona akifanya. Alifungua daftari lake la miraba, akatafuta ukurasa wenye uso wangu, akaandika pembeni kwa herufi ndogo kwamba mtu asipewe sauti asiyoweza kuikataa. Baadaye wengi waliandika kulalamika, wakamwita mzembe. Hakuwajibu. Mwezi wa Septemba alikwenda Dar es Salaam kutengeneza programu za watu wengine, na Ashok alifunga duka. Kuna mtu anauza vioo vya simu pale sasa. Foram hanipigii, nami sishangai, ingawa hakunilaumu hata siku moja. Nilitamani anilaumu. Alichokosea ni kumsikiliza mzee, na hilo nilimfundisha mimi akiwa chini ya meza.

Iringa siendi. Watu wanadhani tumegombana. Sosthenes hunipigia kila Jumapili, anasema mjukuu ameota meno, mjukuu ametambaa. Nikiwa na neno la kumfikishia mkewe namwambia yeye, na huwa nimelipima mara tatu kabla ya kulitoa. Bado naogopa. Simu ikilia nyumba ya jirani nashtuka nikidhani nitasikia sauti yangu.

Mara ya mwisho kuwaona ilikuwa siku Ikupa aliporuhusiwa kutoka hospitali, wiki ya tatu. Foram alikuwa amerudi na gari kutoka Mbeya kuwachukua. Sosthenes aliniambia nisubiri getini. Nikawaza: akinikuta getini itabidi ajifunike, ainame, na tumbo lake bado lina nyuzi. Nikaenda nyuma ya tangi la maji, nikasimama mahali ambapo kivuli changu hakionekani.

Walitoka polepole. Sosthenes alitangulia na begi na beseni. Foram alikuwa amembeba mtoto, amemfunika mpaka puani kwa baridi, anatembea kwa kujibana ili asimwache mwenzake. Ikupa alishika ukuta kwa mkono mmoja, na kichwa hakukifunika. Ulikuwa uso mpana, mchovu, una alama ndogo ya kovu juu ya nyusi, nami sikuwahi kujua kwamba ana kovu. Hatua chache kabla ya gari alisimama kupumua. Foram akasimama naye. Akamwambia kitu, sikukisikia, na Ikupa akacheka, mkono tumboni kwa maumivu, akamwambia, "Usinichekeshe, wewe, nitafumuka." Wakangoja hapo kadiri alivyotaka. Hakuna aliyemharakisha. Kisha akaingia kwenye gari, Foram akampa mtoto, wakaondoka, nami nikabaki nyuma ya tangi mpaka vumbi lilipotua.